Mahali kama Kipengele cha Utendaji: Ngome Kongwe ya Unguja na Kibandaumiza cha Tegeta

Ikisiri

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekubali kwa muda mrefu kuwa utendaji hauwezi kuelezwa bila kuzingatia mahali unapofanyika. Hata hivyo, katika uhakiki wa tamthiliya na filamu, mahali hutajwa kwa sentensi moja kisha huachwa. Makala hii inachunguza kipengele hicho kwa kulinganisha kumbi mbili: Ngome Kongwe ya Unguja, jengo la kale lililokarabatiwa na kupewa jukwaa la wazi kwa ajili ya filamu na maonyesho ya moja kwa moja, na kibandaumiza kimoja cha Tegeta, pembezoni mwa Dar es Salaam. Hoja inayotetewa ni kwamba mahali pa utendaji hufanywa na jengo pamoja na kaida inayoiambia hadhira lini inaruhusiwa kusema. Ukarabati unaohuisha kuta bila kujali kaida hiyo unaweza kuokoa ukumbi na kupoteza hadhira. Sehemu ya mwisho inaonesha athari ya hoja hii katika usomaji wa tamthiliya, hususani *Kinjeketile*.

1.0 Utangulizi

Mkazi wa Tegeta anayetaka kutazama filamu pamoja na watu wengine ana njia tatu. Ya kwanza ni kibandaumiza cha mtaani kwake. Ya pili ni kupanda daladala kuelekea mjini, kwenye sinema zilizomo ndani ya majumba ya biashara. Ya tatu ni ndefu: kusubiri msimu wa tamasha, kufika bandarini, kuvuka kwa boti hadi Unguja, na kuketi juu ya ngazi za mawe za Ngome Kongwe. Mwandishi wa makala hii, ambaye ni mkazi wa Tegeta, amezitumia njia zote tatu. Makala inahusu ya kwanza na ya tatu, kwa sababu ndizo zinazotofautiana zaidi na ndizo zinazofundishana zaidi.

Njia hizo zimebaki tatu kwa sababu za kihistoria. Katikati ya karne ya 20, Dar es Salaam ilikuwa na sinema zilizojulikana kwa majina na kila mwenyeji: Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na nyinginezo. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu watazamaji na wafanyabiashara wa sinema mijini Tanzania, ameonesha jinsi majumba hayo yalivyokuwa sehemu ya maisha ya kila wiki ya watu wa matabaka mbalimbali. Filamu za Kihindi kama *Awara* (1951) na *Mother India* (1957) zilitazamwa na kurudiwa, nyimbo zake zikaimbwa mitaani na mahadhi yake yakaingia katika taarabu. Baadaye sinema hizo zilifungwa moja baada ya nyingine. Hata ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa Msasani mwaka 1966, haipo tena. Mahali pake pamejengwa ubalozi wa Marekani. Mji ulipopanuka kufuata barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, Boko na Bunju, nyumba zilifika, maduka yakafika, shule na nyumba za ibada zikafika. Ukumbi wa maonyesho haukufika. Nafasi hiyo ilijazwa na kibandaumiza.

Kwa hiyo, swali la makala hii halitokani na mapenzi ya majengo ya kale peke yake. Ikiwa siku moja Tegeta itapata ukumbi, au ikiwa jengo fulani la zamani litakarabatiwa ili liwe ukumbi, tutajuaje kwamba kilichofanyika ni kizuri? Makala inapendekeza kuwa jibu lianzie katika nadharia ya fasihi kabla ya kufika kwenye uhandisi.

2.0 Mahali katika Nadharia ya Utendaji

Mulokozi (1996) anaieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Maelezo haya yamekuwa msingi wa ufundishaji wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu. Tukiyatazama matumizi yake, hata hivyo, tunaona kuwa mambo hayo sita hayajapewa uzito sawa. Fanani ameandikiwa sana. Fani imechambuliwa kwa kila namna. Hadhira imeanza kupata haki yake. Mahali, kwa kawaida, huishia katika orodha: uwanjani, jikoni, msibani, harusini, jandoni. Orodha hiyo inatueleza shughuli ilifanyikia wapi. Haituelezi mahali palifanya nini katika shughuli yenyewe.

Msamiati wetu wa mahali pa maonyesho una maarifa ambayo uhakiki haujayatumia vya kutosha. Neno *ukumbi*, kabla ya kuwa jina la jengo kubwa lenye viti na jukwaa, lilikuwa na bado ni jina la sehemu ya nyumba: chumba au kibaraza cha mbele anapopokelewa mgeni. Ukumbi wa nyumba haumo ndani kabisa wala nje kabisa. Ndipo mwenye nyumba na mpita njia wanapokutana, wakaamkuana, na kila mmoja akawa na haki ya kuzungumza. *Uwanja* hauna kizingiti. Anayetaka huja na anayechoka huondoka. *Jukwaa* huinua mtu mmoja juu ya wengine na hivyo kutenganisha anayetenda na anayetazama. *Sinema*, kwa Kiswahili cha Tanzania, ni filamu na pia ni jengo inamooneshwa, kana kwamba wazungumzaji hawakuona sababu ya kutenga kazi na mahali pake. *Kibandaumiza*, neno la utani lililozaliwa mitaani, linataja kwa pamoja udogo wa mahali na maumivu ya mtazamaji aliyebanwa kwenye benchi.

Kila neno kati ya haya lina uhusiano wake baina ya fanani na hadhira. Kwa msingi huo, makala hii inachukua mahali kuwa na tabaka mbili. La kwanza ni jengo: kuta, viti, mwanga, umbali wa mtazamaji kutoka kwa mtendaji. La pili ni kaida: nani anaingia, nani anakaa wapi, nani anasema na wakati gani. Tabaka la kwanza huonekana na hupigwa picha. La pili hujulikana pale linapovunjwa.

3.0 Ngome Kongwe: Jengo na Kazi Zake

Ngome Kongwe imesimama mbele ya bustani ya Forodhani, jirani na Beit al-Ajaib. Ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa katika pwani hii, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Tangu hapo jengo hilo limefanya kazi nyingi zisizofanana. Limekuwa boma la ulinzi, kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilitumiwa katika kazi za reli ya kwenda Bububu. Katikati ya karne hiyohiyo, ua wake ulikuwa uwanja wa tenisi wa wanawake. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa, na ndani ya ua ukajengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe zilizojipinda kuizunguka sehemu ya kuchezea. Tangu mwishoni mwa miaka hiyo, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar limekuwa likionesha filamu hapo, na tangu 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara limeufanya ua huo kuwa miongoni mwa majukwaa yanayojulikana zaidi Afrika Mashariki.

Historia hii ina faida mbili kwa mhakiki. Kwanza, inakanusha dhana kuwa kukarabati ni kurudisha. Hakuna wakati wa nyuma ambapo Ngome Kongwe ilikuwa ukumbi wa maonyesho. Waliokarabati hawakurudisha kazi ya zamani, walichagua kazi mpya na kuipa kuta za zamani. Huo ni ufasiri, sawa na ule wa mtoa tamthiliya anayechukua hadithi ya kale na kuiweka jukwaani. Ebrahim Hussein alipoandika *Ngao ya Jadi* na *Jogoo Kijijini* (1976), alichukua umbo la masimulizi ya jadi na kulifanya litende kazi katika tamthiliya ya kisasa. Tunamhukumu kwa kuuliza masimulizi hayo yamefanywa yaseme nini sasa. Jengo lililokarabatiwa linastahili swali hilohilo.

Pili, historia hiyo inaonesha kuwa kuta zilezile zinaweza kubeba kaida zinazopingana. Ua uliowahi kuwafungia watu ndio uliowahi kuwapa wanawake faragha ya kucheza. Kuta hazikubadilika sana. Ruhusa ndiyo iliyobadilika. Hali kama hiyo ilikuwapo katika sinema za mji huohuo. Sinema ya Royal ilifunguliwa mwaka 1921, ikateketea kwa moto, na mwaka 1955 ikafunguliwa upya kwa jina la Majestic. Sinema za Unguja zilikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake, na kwa saa chache za onyesho hilo ukumbi uleule ulikuwa mahali pengine kabisa. Ratiba peke yake ilitosha kubadili mahali.

4.0 Usiku Mmoja, Kaida Mbili

Hoja hiyo inaweza kuonekana ya kinadharia mno mpaka mtu aone kaida mbili zikipishana mbele yake. Mwandishi alipata kuziona katika usiku mmoja aliohudhuria Ngome Kongwe, ambapo ilioneshwa filamu na baadaye likafuata onyesho la taarabu.

Filamu ilikuwa ya lugha ya kigeni, yenye maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini. Ngazi za chini zilikuwa zimejaa wageni na watu wa fani. Ngazi za juu zilikuwa na wenyeji wa mji, wengi wao wakiwa wamekuja kifamilia. Nyuma ya mwandishi aliketi bibi mmoja pamoja na mjukuu wake, msichana wa umri wa sekondari. Kila mhusika alipozungumza, bibi aliuliza kwa sauti ya chini, “Kasemaje huyo?” na msichana akamjibu kwa Kiswahili. Majibu yake hayakuwa tafsiri ya neno kwa neno. Alifupisha, akaeleza uhusiano wa wahusika, na mara moja alitoa hukumu: “Anamdanganya, bibi. Mke anaye.” Bibi akaguna, na waliokuwa karibu wakacheka, kwa kuwa hata wao walikuwa wakimsikiliza yule msichana zaidi ya kusoma.

Baada ya muda mtazamaji mmoja wa ngazi za chini aligeuka na kuwataka wanyamaze. Hakuwa mkali, na kwa kaida aliyoizoea alikuwa na haki. Msichana akanyamaza. Bibi akauliza tena mara moja, hakujibiwa, kisha akasema kwa utulivu, “Basi, mwanangu. Picha hii ina wenyewe.” Tangu hapo hakuuliza kitu. Hatuwezi kujua aliona nini katika saa nzima iliyobaki, lakini tunajua kuwa filamu iliyokuwa ikitungwa upya pale juu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu mmoja na majirani zake wachache, ilikoma.

Nusu saa baadaye wapigaji wa taarabu walikaa mahali palepale ilipokuwa skrini. Mawe yalikuwa yaleyale na watu walikuwa walewale. Wimbo wa pili ulipofika kwenye kiitikio, bibi yuleyule aliinuka, akashuka ngazi zote polepole akimshika mjukuu wake mkono, akapita katikati ya waliokuwa wamewanyamazisha, akafika mbele ya mwimbaji na kumtunza noti. Alikaa pale kwa muda wa ubeti mmoja, akiwa ameinua mkono, kabla ya kurudi. Hakuna aliyemwambia aketi. Wageni wa ngazi za chini walimpigia makofi.

Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameeleza kwa kina kwamba kutunza ni sehemu ya maana ya taarabu. Msikilizaji huchagua mstari wa kuinukia, na kwa kufanya hivyo anauelekeza mstari huo kwa mtu au jambo analolijua yeye. Mtunzi ameweka fumbo. Anayetunza analifumbua hadharani bila kusema neno. Kwa maneno mengine, hadhira ya taarabu ina zamu yake ya kusema, na zamu hiyo imo ndani ya kaida ya fani.

Tukio la usiku huo linatufundisha kuwa haitoshi kusema “Ngome Kongwe inaifungua hadhira” au “inaifunga”. Katika muda wa saa tatu ilifanya yote mawili kwa mtu yuleyule. Jengo lilikuwa moja, mahali palikuwa pawili. Mhakiki anayetaja ukumbi kwa jina lake tu, akadhani amekwisha kueleza mahali, ameeleza nusu.

5.0 Kibandaumiza: Hadhira Yenye Sauti na Mipaka Yake

Kibandaumiza kilichochunguzwa kiko Tegeta, hatua chache kutoka barabara kuu. Ni chumba cha mbao na mabati, chenye mabenchi, televisheni iliyowekwa juu, pazia zito mlangoni na ubao wa chaki unaotangaza mechi na filamu za siku. Kwa vigezo vya uhifadhi wa majengo hakina thamani yoyote. Kwa vigezo vya utendaji, ni miongoni mwa kumbi zenye uhai zaidi katika eneo hilo.

Filamu nyingi zinazooneshwa humo ni za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili na msimulizi. Sanaa hii imepata kuchunguzwa na wataalamu kama Matthias Krings, aliyeandika kuhusu marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilitambulika nchini kote. Msimulizi wa aina hii hafasiri mazungumzo tu. Anawaeleza wahusika, anawapa majina ya utani, anakumbusha yaliyopita, anaonya kuhusu yajayo, na anauhusisha mji wa mbali na mitaa inayofahamika. Ni fanani kamili kwa maana ya Mulokozi, isipokuwa sauti yake imerekodiwa.

Swali la kinadharia linalojitokeza ni hili: ikiwa fanani amerekodiwa, hadhira inaweza kushirikiana na nani? Yaliyoshuhudiwa Tegeta yanajibu kuwa inashirikiana na wenyewe kwa wenyewe, ndani ya mapengo ambayo msimulizi ameyaacha. Msimulizi alipouliza swali, vijana walilijibu. Alipomsifu mhusika, mmoja wao alipinga kwa sauti, “Siyo kweli, huyo muoga,” na mjadala ukaendelea mpaka tukio lililofuata likaumaliza. Kile alichokifanya mjukuu kwa kunong’ona katika Ngome Kongwe, hapa kinafanywa kwa sauti kamili, na ndicho kinacholipiwa kiingilio. Mtu anayetaka kuitazama filamu hiyo kimya anaweza kuitazama nyumbani kwa simu yake. Anakuja hapa kwa sababu ya wengine.

Ni rahisi kutoka hapo kuingia katika kukitukuza kibandaumiza, na makala hii haitaki kufanya hivyo. Siku hiyo, kati ya watu wapatao thelathini, wanawake walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa muuza karanga aliyekaa mlangoni. Bibi wa Unguja asingeingia humo, wala mjukuu wake asingeruhusiwa. Uhuru wa kusema ulikuwa mkubwa kwa waliokuwamo kwa sababu, kwa sehemu, wengi hawakuwamo. Zile sinema za kale zilizokuwa na maonyesho maalumu ya wanawake zililiona tatizo hili na kulitafutia ufumbuzi, hata kama ulikuwa wa wakati wake. Kibandaumiza hakijauliza swali hilo.

Aidha, zipo kazi ambazo kelele huziua. *Vuta N’kuvute* (2021), filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inategemea sana mtazamo wa macho, ukimya na mwanga wa vyumba vya Mji Mkongwe. Riwaya huyaeleza mawazo ya wahusika kwa maneno; filamu inayaacha katika nyuso zao. Mtazamaji asiyepewa utulivu atapata kisa na kukosa filamu. Hivyo ukimya wenyewe si kosa. Kosa ni kuuchukua ukimya wa aina moja kuwa ndio adabu ya pekee ya ukumbi, na kumfanya asiyeufahamu ajione amevamia nyumba ya watu.

6.0 Tamthiliya Isiyo na Mahali

Suala hili lina uzito wa pekee kwa tamthiliya ya Kiswahili, ambayo wasomaji wake wengi ni wanafunzi. Wanafunzi kadhaa wa sekondari ambao mwandishi amezungumza nao Tegeta wamesoma tamthiliya mbili au tatu kwa ajili ya mtihani. Wanaweza kutaja dhamira, wahusika na matumizi ya lugha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona tamthiliya aliyoisoma ikichezwa. Kwao, tamthiliya ni riwaya iliyoandikwa kwa majibizano, na maelekezo ya jukwaani ni maneno ya kurukwa.

Hasara yake inaonekana tukichukua *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein. Kinjeketile huvutwa mtoni, na baadaye hutoka akiwa mkavu. Msomaji wa kitabu hulipita tukio hilo kwa muda wa kugeuza ukurasa, kisha hulijadili kama suala la imani za jadi. Mtazamaji hawezi kulipita hivyo. Yumo pamoja na wanakijiji wanaotazama mto, anasubiri kama wanavyosubiri, na mtu anapotokea, analazimika kuamua kama anaamini au haamini, huku akiwaona jirani zake nao wakiamua. Tatizo lote la tamthiliya hiyo, yaani neno linalozaliwa, likakua na kumzidi aliyelitamka, linahitaji umati ili lieleweke. Mtu mmoja chumbani hawezi kuwa umati.

Tuichukue hoja hatua moja mbele. Tamthiliya hiyo inaishia gerezani, ambapo Kinjeketile anakataa kukana kuwa maji yalikuwa na nguvu, kwa kuwa kukana kwake kungewanyima watu wa baadaye sababu ya kupigana. Ikichezwa katika Ngome Kongwe, ndani ya kuta zilizowahi kuwa za gereza kwa kweli, mahali pangeongeza maana ambayo hakuna maelekezo ya jukwaani yangeweza kuiandika. Ikichezwa katika uwanja wa shule Tegeta, mchana, wanafunzi wakiwa wamesimama pande zote, maana nyingine ingejitokeza: ile ya uvumi unaopita kutoka mtu hadi mtu mpaka ukawa jeshi. Haitakuwa sahihi kusema kuwa onyesho la kwanza ni la kweli na la pili ni la kujaribia. Ni usomaji mara mbili wa matini moja.

Wasanii wetu wenyewe waliligundua jambo hili zamani. Jaribio la sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo lililofanyika Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, ambalo Penina Mlama ameliandikia, liliufanya mjadala wa wanakijiji kuwa sehemu ya mchezo. Hapakuhitajika jengo, palihitajika kaida iliyosema wazi kuwa mwisho wa igizo ni mwanzo wa zamu ya hadhira. Bagamoyo nako, mji wa kihistoria ulio mbele ya Tegeta kwenye barabara ileile, Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981 kimelea utendaji wa ngoma, maigizo na sarakasi mbele ya wenyeji kwa miongo kadhaa. Ukumbi wake mkubwa ulipoteketea kwa moto na kujengwa upya baadaye, kazi haikuwa ya kumaliza jengo tu. Ilikuwa pia ya kuwafanya watu wa mji wauone kuwa bado ni wao.

7.0 Hitimisho

Makala hii imetetea hoja kuwa mahali pa utendaji ni jengo na kaida kwa pamoja, na kuwa uhakiki unaoishia kwenye jengo unakosa kile kinachoifanya hadhira iwe hadhira. Ngome Kongwe imeonesha kuwa jengo lililokarabatiwa vizuri linaweza kumnyamazisha na kumpokea mtu yuleyule katika usiku mmoja. Kibandaumiza kimeonesha kuwa mahali duni panaweza kutunza sauti ya hadhira, na pia kuwa sauti hiyo inaweza kuwa ya baadhi ya watu tu.

Yapo mambo matatu yanayofuata kutokana na hoja hii. Kwanza, uhakiki wa onyesho au filamu ueleze mahali kwa uzito uleule unaopewa mandhari ya ndani ya kazi: nani alikuwapo, nani alisema, nani alinyamazishwa. Pili, ufundishaji wa tamthiliya uhesabu utendaji, hata wa onyesho moja chini ya mwembe wa shule, kuwa sehemu ya usomaji na si burudani ya mwisho wa muhula. Tatu, wanaohuisha kumbi za kale watenge kaida kama wanavyotenga bajeti ya chokaa na mbao. Ukumbi uleule unaweza kuwa na usiku wa ukimya na usiku wa msimulizi. Filamu ya kigeni inaweza kusimuliwa moja kwa moja kwa Kiswahili, mbele ya watu, na mtu aliyejifunza kazi hiyo katika vibandaumiza vya Tegeta, Mbagala au Manzese. Gharama yake ni kipaza sauti kimoja.

Haya yakifanyika, mjukuu yule atakaposimuliwa au kusimulia, hatakuwa anavunja adabu ya ukumbi. Naye bibi hatalazimika kusubiri taarabu ianze ndipo ajue kuwa naye amealikwa.